Zile Funksheni Kumi na Moja za Nasif

Hajji Abubaker hakumukatalia Nasif, kijana wake wa kompyuta, kuenda. Ndiyo ilikuwa mubaya zaidi. Angemukatalia, Nasif angekasirika, angechukua njia yake. Lakini Hajji alikaa pale kwa mulango ya stoo yake Bwera, akapangusa miwani na shati, akamuambia pole pole kama mutu anapatia mutoto dawa: "Siku Jamidah ataweza kupima peke yake, wewe uko huru. Enda hata Kisangani."

Na Kisangani ndiyo Nasif alikuwa anataka. Philippe, mume wa dada yake, alikuwa na kamyo, lori ya kuvuka mupaka ya Mpondwe kuingia Kongo, na alimuwekea kiti ya kusindikiza muzigo. Kamyo inatoka Ijumaa, saa nane ya muchana. Hiyo siku ilikuwa Jumanne.

Sasa hiyo kupima ni nini? Stoo ya Hajji inapokea mizigo ya watu: kahawa, mawese, chumvi ya Katwe inangojea kuvuka. Kila gunia inaandikwa kwa databesi ya kompyuta ya Bwera, na ile databesi inajituma yenyewe mpaka kompyuta ingine, iko Nyamwamba, Kasese. Hiyo kopi ya Kasese mutu haifungui. Inakaa tu. Lakini stoo ya Bwera ikiungua, yenyewe ndiyo itasema gunia ni ya nani. Mama wa Katwe hana karatasi ingine. Kwa hiyo kila asubuhi, kazi haijaanza, Nasif anaandika muzigo ya uongo, gunia moja ya chumvi ya mutu hayuko, halafu anauliza Kasese kama imefika. Ikitoka kijani, mulango inafunguliwa.

Injinia wa Kampala ndiye alifunga hizo mashini. Alikaa siku tatu, akaenda. Nasif, wa kuacha shule Senior Two, akabaki nazo, akajifunza kwa simu. Kila kitu ikisumbua, alitunga funksheni ingine, kipande kidogo ya programu, ya kusaidia kupima. Kuko ya siku umeme ilikatika. Kuko ya siku laini ya intaneti ilikuwa inatambaa. Kuko moja inaitwa ngoja, ingine ngoja_kidogo, ingine ngoja_tena, na hiyo ngoja_tena inaita ngoja_kidogo, ukigusa moja zote zinaanguka. Zilifika kumi na moja. Miaka miwili alizijenga moja moja kama ukuta, yeye akiwa ndani, na mulango hakuacha.

Jamidah, mutoto wa dada ya Hajji, ndiye anaandika mizigo kaunta. Si mujinga, kila gunia anaijua na mwenyewe wake. Nasif alimukalisha hiyo Jumanne, akaanza kumuonyesha. Ya kwanza akasikia, ya pili akasikia. Kufika ya sita akauliza hii ngoja ya tatu inangojea nini. Nasif akasoma mistari yake mwenyewe mara mbili, akarudi tena mwanzo.

"Wewe mwenyewe hujui," Jamidah alisema, "na unataka mimi nijue. Hii si kazi, hii ni dawa ya kienyeji. Ukinywa na maji utapona, ukinywa na chai utakufa."

Ilimuuma juu ilikuwa kweli. Jumatano na Alhamisi hakula vizuri. Zile ngoja tatu alizifanya moja: uliza Kasese kila sekunde, ikifika acha, dakika ikipita sema haijafika. Za umeme alizifuta, siku hizi kuko betri. Kila akifuta moja, anapima, inatoka kijani. Ijumaa asubuhi zilibaki ine tu: weka, soma, ngoja, futa. Pumuzi yake ilikuwa nyepesi. Kisangani aliiona pale mbele.

Jamidah alikaa na kikombe yake ya chai akazisoma, kidole kwa kioo ya kompyuta. Weka inaandika Bwera. Sawa. Soma inauliza Kasese. Kidole ikasimama.

"Kasese ikikataa kujibu, hii inauliza Bwera?"

"Iko wapi?"

"Hapa. Unauliza Bwera kama Bwera iko na kitu Bwera imeandika. Si itasema ndiyo kila siku?"

Nasif alikumbuka. Asubuhi moja laini ya Kasese ilikataa, wateja wanapiga kelele kwa mulango, Hajji anataka kijani. Akaweka ule mustari mumoja, wa siku hiyo tu, kesho autoe. Halafu akajenga zingine juu yake.

Angeweza kumudanganya. Maneno ilikuwa tayari kwa mudomo: hiyo ni ya laini ikiwa mubaya, iache. Jamidah angekubali, na saa nane yeye angekuwa juu ya kamyo. Akamuangalia, akaangalia kioo, akaufuta ule mustari. Jamidah akapima. Ikatoka nyekundu, haijafika. Wakafungua kopi ya Kasese yenyewe: muzigo ya mwisho ilikuwa ya mwezi wa pili. Na huu ni mwezi wa sita.

Hajji alipokuja Nasif alimuambia yote, na nani aliuandika ule mustari. Hajji hakupandisha sauti. Aliuliza kama Jamidah ameweza kupima peke yake. Nasif akasema ameweza.

"Basi uko huru. Mimi si mutu wa kugeuza neno." Akavaa miwani yake. "Nani atajaza Kasese hiyo miezi yote?"

Jamidah akaangalia chai. 

Saa nane Philippe alipiga simu kutoka kwa kizuizi ya mupaka. "Shemeji, unakuya ao hukuyi? Niko nachoma mafuta hapa. Ni mwanamuke?"

"Ni kopi."

"Kopi ya nini?"

Nasif alimuambia apatie mutu mwingine kiti. Begi yake ilikuwa ndani ya kamyo tangu Alhamisi. Philippe alicheka, akasema basi begi itaona Kisangani, itarudi na habari.

Kamyo ilinguruma kule chini kwa barabara, ikavuka. Nasif alivuta kiti, akafungua mizigo ya mwezi wa pili, akaanza kuiandika Kasese, na gunia ya kwanza.