Fundi Rula na Benchi la Mashaka

Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kuwa msimamizi wa karakana ile ya useremala, basi ni Rula. Hilo alilijua yeye mwenyewe, alilijua mkewe, na hata mbao zingeulizwa zisingebisha. Alikuwa hapo miaka kumi na tisa, na jina la Rula alipewa kwa sababu alipima kila kitu mara tatu, mpaka mkate kabla ya kuwakatia wanawe. Msimamizi wa zamani alipostaafu, mama mwenye karakana alisema atamteua mwingine baada ya miezi sita, akishaona nani anaweza. Rula akatulia. Kizuri chajiuza, alijisemea, kibaya chajitembeza.

Tatizo ni kwamba shemeji yake alijitembeza, na akanunuliwa.

Shemeji huyu alikuwa mume wa dada yake mdogo. Rula ndiye aliyemleta karakana, akamfundisha kushika randa na kunoa patasi, na siku hizo jamaa alikuwa mpole kiasi kwamba ukimsalimia anaangalia viatu vyake. Kisha akaenda semina ya siku tatu ya fikra chanya. Alirudi na daftari, tabasamu na sauti mpya. Ukimwambia kazi ni ngumu, anajibu, "Inawezekana." Ukimwambia paa linavuja, "Inawezekana." Haikupita wiki jina likamganda.

Mama mwenye karakana alikuwa mjane aliyechoka kusikia habari za hasara tupu, na maneno yale yalimwingia. Akamruhusu Inawezekana kuwaongoza mafundi dakika kumi kila asubuhi. Wanasimama duara, wanapiga makofi, kila mmoja anataja jambo moja zuri atakalolifanya siku hiyo. Ikawekwa na sheria: atakayeleta neno la kukatisha tamaa atatoka nje, akae kwenye benchi kando ya rundo la vipande vya mbao mpaka apate neno jema la kurudi nalo. Mafundi wakaliita benchi la mashaka. Wiki ya kwanza Rula alilikalia mara nne. Mara moja ilikuwa kwa kusema tu kwamba gundi imekwisha, na kweli ilikuwa imekwisha.

Angekuwa anaumizwa na upuuzi wa jambo lile, angecheka yakaisha. Kilichomuuma ni kwamba lilifanya kazi. Fundi wa kupaka vanishi, mtu mzima mwenye kigugumizi, ambaye miaka yote alijificha nyuma ya makabati mteja akiingia, sasa alitoka mwenyewe kupokea watu. Anakwama kwenye neno, anacheka, anaanza upya. Wateja waliongezeka, na wakiingia wanauliza, "Yule fundi mchangamfu yuko wapi?" Rula anawaonyesha kwa kidevu, roho inamchoma. Kwa dada yake nako hakukuwa na nafuu. Kila Jumapili akienda kula ni mume wangu hivi, mume wangu vile.

Akajaribu na yeye. Asubuhi moja alijifungia bafuni, akakikazia kioo macho, akasema kwa ukali, "Mimi ni bora. Mimi ni bora kuliko wote."

Mkewe akagonga mlango. "Baba watoto, unagombana na nani humo?"

"Na mtu," alijibu Rula, na hakurudia tena.

Mwezi wa tatu wa ile miezi sita ikaja kazi kubwa: milango arobaini ya bweni jipya la shule ya wasichana. Mama mwenye karakana alisema waziwazi kwamba atakayeiongoza kazi hii akaimaliza vizuri ndiye msimamizi, kisha akaikabidhi kwa Inawezekana. Rula akampongeza kama wengine. Meno aliyatoa yote.

Mbao zililetwa Jumatatu. Rula aliokota kipande akakiweka shavuni, kama alivyozoea. Mbao kavu haina ubaridi. Hii ilikuwa baridi. Akaipima mkononi, akaiona nzito. Zilikuwa mbichi, tena mbichi hasa, za kupangwa kivulini na kutenganishwa kwa vijiti hewa ipite, miezi miwili kwa uchache. Mlango wa mbao zile ungependeza siku ya kukabidhiwa, kisha ungekaukia kwenye fremu, upinde, na hakuna kitasa ambacho kingekubali.

Inawezekana akaja, daftari kwapani. Shule ilitaka milango baada ya wiki tano. Akasogea karibu, akapunguza sauti, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akaangalia viatu vyake.

"Shemeji, naona kama zina unyevu. Wewe ndiye mwenye mkono wa kujua. Unazionaje?"

Jibu lilikuwa mdomoni, tena fupi. Lakini Rula alikumbuka amekalia benchi mara ngapi kwa kusema kweli. Leo kweli ile ile inaombwa kwa kunong'ona, ili mwenzake apate usimamizi kwa mkono wa Rula. Mtu mwenye wivu hahangaiki na lingine ila kisingizio, na huyu alishatengenezewa kisingizio safi, kimepigwa na msasa.

"Fikra chanya, shemeji," alisema, akimpiga begani. "Si wewe uliyetufundisha? Zitakauka tu."

Inawezekana akashusha pumzi. "Ukisema wewe, nimetulia."

Milango ikatengenezwa. Kumi na miwili aliitengeneza Rula mwenyewe, na viungo vyake vilishikana hata unywele usingepita, maana kufanya kazi mbovu kwa mkono wake hakuweza. Siku ya kukabidhi kulikuwa na hotuba na picha, na Inawezekana alisimama katikati. Rula alisimama pembeni, akihesabu wiki moyoni.

Zilikuwa sita. Mwalimu wa bweni alifika karakana akiwa amefura. Milango thelathini na mmoja haifungi, alisema. Wasichana wanasukuma vitanda nyuma ya mlango ndipo wapate usingizi, na wawili wameshachukuliwa na wazazi wao. Rula alikuwa amefikiria mengi kuhusu shemeji yake. Wasichana hakuwa amewafikiria hata kidogo.

Mama mwenye karakana aliwaita wote wawili ofisini kwake. Inawezekana hakungoja kuulizwa.

"Kosa ni langu, mama. Nilitaka sana iwezekane, nikaacha kuangalia."

"Nimesikia. Vua aproni, nenda nyumbani." Kisha akamgeukia Rula. "Na wewe? Mbao hizi zimepita mikononi mwako. Hukujua?"

Rula akalipima jibu kama anavyopima ubao. Akisema alijua, atakuwa mtu aliyewaacha watoto wa watu walale bila mlango. Akisema hakujua, ufundi wake wote unakwenda na maji.

"Hakujua, mama," alisema Inawezekana. "Shemeji angejua angeniambia. Nilimuuliza mwenyewe."

"Nimemuuliza yeye."

"Sikujua, mama," alisema Rula.

"Miaka kumi na tisa," alisema mama, wala hakupandisha sauti. "Basi nitatafuta msimamizi kutoka nje. Humu hakuna anayejua mbao."

Walitoka pamoja. Mafundi wote walikuwa wameinama juu ya kazi zao, wanapiga randa mahali palipokwisha kunyooka. Inawezekana alikunja aproni yake, akaiweka juu ya meza, akamshika Rula mkono.

"Usijitese, shemeji. Hata wewe una siku ya kukosea. Jumapili njoo ule, dada yako atakungoja."

Rula alimchunguza usoni, akitafuta kejeli, au hata shaka ndogo, chochote kile ambacho angeweza kumchukia kwacho. Hakukuwa na kitu. Jamaa alikuwa amepoteza kazi, na bado alimwamini kwa moyo wote. Rula akajibu kwamba atakuja. Miezi yote ile alikuwa amemwonea wivu shemeji yake, lakini hakuwahi kumwonea wivu kama siku hiyo.