Zamu ya Araba Kuongoza

Katika klabu ya mazoezi pale Sekondi, pwani ya Ghana, ukitimiza miezi mitatu huulizwi kama uko tayari. Jumamosi yako ikifika unasukumwa mbele, unaongoza wimbo mmoja mzima na mazoezi yake, kisha unavikwa fulana ya njano. Kuanzia hapo wewe ni wao: ukiugua watakuja, ukifiwa watakuja. Asiyeongoza hafukuzwi, lakini nani amewahi kubaki? Anaona haya mwenyewe, anapotea.

Araba Bentil alikuwa ameshaamua kupotea.

Mshonaji huyu wa miaka arobaini na sita aliletwa na presha, si hamu. Daktari alimwambia atoke jasho, basi akaenda uwanja wa shule amejifunga vitenge viwili ili mwili usionekane. Akakuta watu wazima sitini wanarukaruka asubuhi mapema kwa ngoma, wanaimba, wanataniana mpaka aibu inawatoka. Wiki ya kwanza, walipokimbia kuzunguka uwanja, alipitwa na kila mtu. Wiki ya sita, wale wa mbele waliporudi kumchukua, alijikuta anaimba nao. Tangu binti yake aolewe Tamale, mbali kaskazini, hakuwa na mtu wa kumwita jina asubuhi. Aliwapenda watu wale, jamani, na hilo ndilo lililomuuma.

Maana Araba ni wa kushoto. Kitambaa anakikata kwa kushoto, nyuma ya pazia, mteja asije akaona. Kumnyooshea mkubwa mkono huo ni kumtukana, hakuna asiyejua, na akiongoza, ndio utakaotangulia kuinuka. Na mstari wa mbele kabisa husimama Mwalimu Hagan, miaka sabini na nane. Huyu ndiye aliyemchapa rula kwenye vifundo darasa la pili kwa kuandika na kushoto, kisha akaufunga mkono ule kwenye kiti, muhula mzima. Siku hizi ni bibi mcheshi tu. Araba alidhani hamkumbuki.

Sasa Kojo Ackon, mkufunzi wao, kijana mzuri, lakini nasema mchana kweupe: kila Jumamosi anawagonganisha watu. Kuwapa wazee mgongo hawezi, ni utovu wa adabu. Basi anawatazama usoni, anapaza sauti, "Kulia!" na kuinua mkono wake wa kulia. Nusu wanafuata sikio. Nusu wanafuata macho, kama mtu anayejitazama kwenye kioo, wanakwenda kushoto. Viwiko vinakutana na mbavu, watu wanacheka, wanaendelea. Miaka tisa hiyo!

Jumamosi yake ilipofika, Araba alikuja kuaga tu.

"Dada Araba, leo ni leo!" Kojo akamwita.

"Goti linaniuma, kaka."

"Goti gani?" alidakia Ekua, muuza samaki. "Juzi ulichechemea la kulia, leo la kushoto. Mwongo huyu! Msukumeni!"

Wakamsukuma.

Alianzisha wimbo. Akainua mkono wa kulia, akasema, "Kulia!" Kizaazaa. Ekua alimpiga kikumbo mzee Quansah, mzee wa watu akakaa chini pu! Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hawakumcheka yeye, lakini Araba hakujua hilo. Alichojua ni kwamba lango lilikuwa hatua kumi, na kwamba akitoka leo hatarudi.

Akalitazama lango. Kisha hasira ikampanda, hasira ya miaka yote ile nyuma ya pazia.

"Wazee wangu, samahani, natumia kushoto!" alisema, akauinua mkono juu.

Ngoma ikakatika. Mtu mmoja akasonya. "Ala!" alisema mzee Quansah kutoka chini. Araba hakuthubutu kumtazama Mwalimu Hagan. Akamsikia tu.

"Nyie wapiga ngoma, mmekufa? Pigeni!"

Na bibi yule akainua mkono wake wa kulia, ukielekeana sawasawa na ule wa Araba.

"Kulia!" Araba akapaza sauti, kushoto kwake kukiwa juu. Watu sitini wakainua kulia. "Kushoto!" Akabadilisha, nao wakabadilisha. Hakuna kiwiko kilichogusa ubavu. Alikuwa kioo chao, na walikwenda pamoja, huku, kule, mpaka wimbo ukaisha na Kojo kabaki mdomo wazi.

"Kumbe!" alisema Ekua. "Na umetuficha miezi mitatu? Una roho mbaya wewe!"

Wakamvika fulana ikambana kifuani, wakasema wataibadilisha. Hakutaka kuivua.

Baadaye uji wa mahindi ukagawiwa, na bagia za kunde. Mwalimu Hagan alimletea bakuli mwenyewe.

"Kitambaa kilikuwa cha bluu," alisema, chini chini. "Kile nilichokufungia mkono. Nakikumbuka kila Jumamosi unapokuja, nashindwa nianzie wapi."

Araba akanyoosha mkono wa kulia kupokea uji, kwa mazoea. Mwalimu hakuliachia bakuli.

"Huo mwingine," alisema.

Araba akapokea kwa kushoto, mbele ya watu wote, wala hakuomba samahani.