Jina Nililolifuta kwa Mstari Mmoja

Naikumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya Jumanne hapa Goma, na kila nikiikumbuka moyo unaniuma upya. Umeniambia kwamba wiki ijayo unaanza kazi ya kompyuta kule maabara. Hongera. Sasa kaa kidogo. Najua nyinyi vijana mna haraka ya kubonyeza kabla ya kusoma. Nami nilikuwa hivyo hivyo, tena na kiburi juu.

Wakati ule nilifanya kazi katika chumba kimoja cha mtaa wa Murara, chini ya Papa Kasereka, mkemia mwenye sauti ndogo. Tulichunguza majani ya dawa. Kila molekuli tuliyoipata ndani ya jani tuliichora kwenye kompyuta, tena kwa maumbo mengi, kwa sababu molekuli hujikunja na kujikunjua kama mtu anayetafuta usingizi. Chini yake tuliandika habari zake: uzito, mmea, mahali ulipochumwa, na mtu aliyetuletea. Programu ya kurekebisha habari hizo haikuwa na picha wala vitufe. Ilikuwa skrini nyeusi tu. Unaandika mstari mmoja wa amri: faili gani, habari gani iongezwe au ifutwe, na matokeo yawekwe wapi. Mstari huo mmoja unagusa mamia ya molekuli kwa mpigo. Wee, nilijiona fundi!

Kisha vita vikawashusha mjini watu wa milima ya Masisi. Walikuja kwa miguu, magodoro kichwani, wakajaa kambini, mbele ya mtaa wa Ndosho. Miongoni mwao alikuwemo Mama Riziki, mganga wa mitishamba. Riziki alikuwa kifungua mimba wake, na mama hakujua tena alipo mtoto huyo. Alituletea majani makavu yaliyofungwa ndani ya kitenge, dawa ya homa za watoto, akatupatia kwa sharti moja. Kwa ukoo wao dawa haitolewi bila kumtaja aliyeibeba, na majani yale yalibebwa na binti yake wa mwisho, aliyeuawa njiani.

"Andika jina yake, mutoto wangu," aliniambia. "Hana kaburi. Akae basi humo ndani ya mashini yenu."

Nikaliandika kwa vidole vyangu hivi. Alinitazama mpaka nikamaliza, akanishukuru kwa mikono miwili. Akasema atarudi siku moja nimsomee.

Haukupita muda, maabara moja ya ng'ambo ikaomba faili zetu, lakini ikataka namba peke yake. Papa Kasereka akaniachia kazi hiyo.

"Futa maelezo," akaniambia, "lakini matokeo uyaweke ku faili ingine. Ya kwanza usiiguse."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Niliona kubuni jina la faili nyingine ni kupoteza wakati, nikaelekeza matokeo juu ya faili ile ile. Mstari mmoja, nikabonyeza, nikaenda kunywa chai. Kutunza nakala kulikuwa kazi yangu, na nakala sikuwa nayo.

Basi Jumanne ile Mama Riziki akaja. Alikuwa amekonda, kandambili zake zimejaa vumbi jeusi la barabara zetu.

"Nisomee jina yake, mutoto wangu. Nataka tu kuisikia."

Nikafungua faili. Uzito upo, namba zipo. Pale pa jina, hakuna kitu. Nikalitafuta kichwani mwangu, nalo halikuwepo, maana wiki zile niliandika majina ya watu wengi. Mwanangu, mama alikuwa amesimama mbele yangu! Nilichotakiwa kusema ni hiki tu: nimekosa, mama, nitajie tena. Aibu ikanifunga mdomo. Nikazima skrini.

"Umeme haiko sawa leo, mama. Urudi Jumanne ingine."

"Lakini iko?"

"Iko, mama."

Akatabasamu. Aliondoka ameridhika, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Jumanne ya pili hakuja. Mapigano yalikuwa yamekaribia mji na kambi ikatawanyika, wengine wakikimbilia mtaa wa Birere wavuke mpaka, wengine wakirudi milimani. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilimwendea Papa Kasereka nikamweleza yote, nikingoja anifokee kwa ajili ya faili. Hakufoka. Alivua miwani yake akaiweka mezani.

"Kufuta ni kosa, na kosa ni ya kila mutu," akasema. "Lakini mama alikuwa mbele yako. Sababu gani haukumuuliza?"

Nikatoka. Nilimtafuta kambi kwa kambi, nikiulizia Mama Riziki. Wakaniletea Mama Riziki wengi, wote waliokimbia, kila mmoja na msiba wake. Hakuna aliyekuwa yeye. Molekuli ile ingali katika faili, na pale pa jina nimeandika "binti wa Mama Riziki". Hilo si jina, mwanangu. Msichana yule alikuwa na lake.

Kwa hiyo nisikilize. Kabla ya kufuta, weka nakala, na matokeo yasikae kamwe juu ya asili. Usidharau habari kwa kuwa haina namba, maana kuna mtu aliyeilipia kwa machozi. Na ukikosa, na utakosa tu kwa kuwa wewe ni mtu, sema siku hiyo hiyo, wakati uliyemkosea bado yuko mlangoni. Majuto ni mjukuu, nami wangu nimemlea miaka mingi.

Haya, nenda. Mungu akupe mikono ya upole na ulimi usioogopa aibu. Akulinde na vita vilivyotutawanya sisi. Na siku mama kama yule atakapokujia akuombe umsomee, uwe na cha kumsomea.