Pedali Tatu za Kumsikia Baba

Siku mama alipotoka eda ya kufiwa na baba, kitu cha kwanza alichofanya si kwenda kwa jamaa. Alipanda ngazi mpaka chumbani kwangu, akachomoa pedali zangu zote tatu za gita, akazitia kapuni.

Nikamwangalia tu. Wala sikukasirika. Miezi ile hakuna kilichokuwa kikiniingia.

Naitwa Qais. Marehemu baba yangu ni Matar, yule mpiga solo ambaye Unguja nzima ilimjua kwa gita lake. Mimi ndiye sikumjua. Nilipelekwa Maskati kwa shangazi nikiwa na miaka mitano, na huko baba yangu alikuwa kaseti.

Mama ndiye aliyeituma. Solo la baba lilikuwa likiyumba, likizama, likiibuka tena, utadhani mtu anaimba huku analia.

Mwaka 1997 ikaja simu: baba amefariki. Nilifika Unguja siku mbili baada ya maziko. Watu wakanikumbatia, wakalia. Mimi hata chozi moja, wallahi.

Nikajiona jiwe.

Nikajiambia, nikiipata sauti ile kwa mikono yangu nitamsikia, na nikimsikia nitalia.

Nilikuja na pedali tatu, vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadili sauti ya gita: ya mwangwi, ya kukwaruza na ya kuyumbisha sauti. Kila siku baada ya alasiri nachomeka gita la baba, nazungusha vifundo, nasikiliza kaseti, nazungusha tena.

Majirani wakanong'ona. "Khaa! Arubaini haijesha, nyumba inapigwa gita!"

Mama yeye anapika tu. Sinia la chakula linapanda limejaa, linashuka limejaa.

Mwezi wa nne tangu nifike nikaipata. Ile ile! Huwezi kuitenga na ya kaseti.

Nikangoja nilie. Wapi.

Siku chache baadaye ndipo mama akaja na kapu lake.

"Mama, hiyo ndiyo sauti ya baba."

"Baba yako hakuwa na pedali hata moja. Akichomeka gita kwenye spika, basi."

"Na kaseti je?"

Akakaa kitandani. "Kaseti niliifua."

"Uliifua vipi?"

"Ilikuwa mfukoni mwa kanzu yake. Nikailoweka, nikaisugua, nikaianika juani. Ilipokauka ikawa inayumba hivyo. Nyingine sikuwa nayo, nikakutumia hiyo hiyo."

Miezi minne nilikuwa naiga sabuni.

"Mbona hukunambia siku ya kwanza?"

"Sauti yake hasa nlikuwa siwezi kuisikia, mwanangu. Ile yako haikuwa yake, ndiyo nikaistahimili. Leo nshatoka eda. Hebu piga kavu, bila pedali."

Nikapiga. Sauti tupu, imenyooka, ya kawaida kabisa. Mama akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakamtikisika.

"Huyo," akasema. "Huyo ndiye."

Sikulia, nisiwadanganye. Ila nilisikia njaa, mara ya kwanza tangu nishuke kwenye ndege.

"Mama, kuna nini jikoni?"

Akafuta macho. "Mkate wa mofa na mchuzi wa papa. Teremka, usije ukapoa."

Mkiniuliza nilichojifunza, ni hiki: ukitaka kumjua aliyekufa, waulize walio hai. Mie miezi minne niliihoji kaseti, na aliyeishi naye miaka thelathini alikuwa ghorofa ya chini, ananipikia.