Mahindi Tuliyochelewa Kukata

Wapangaji wa siku hizi hapa Gatina hawaamini kwamba vyumba vyao vimesimama juu ya shamba. Mimi nalijua kila pembe yake. Lilikuwa dogo, unamwita mtu wa upande wa pili bila kupaza sauti, lakini lilitutosha: mahindi, mboga ya sukuma kidogo, na banda la ng'ombe wetu mmoja wa madoadoa. Alfajiri nilimkama, maziwa nikapeleka kwenye vioski vya chai, na mengine hadi Kibera kwa mama mmoja aliyekuwa na hoteli ya mabati.

Miaka hiyo ya tisini kila mwenye ploti alikuwa anajenga vyumba vya kukodisha. Mume wangu naye alishajenga mstari mmoja upande wa barabara, wakaingia watu wa magharibi, mafundi na wachuuzi. Kiangazi kilichotangulia tulikosa majani kabisa na ng'ombe akakauka maziwa. Basi mume wangu akaniambia, "Tumjaribu kiangazi kimoja tena. Akikauka tena namuuza, najenga mpaka kwenye ua." Hakuwa mtu wa maneno mengi, na akisema amesema.

Dawa yake ilikuwa saileji. Alifundishwa kwenye mkutano wa wakulima kwa chifu. Unakata mahindi yakiwa bado mabichi, bua na majani na hindi lenyewe, unayakatakata, unayashindilia kwenye shimo lililotandikwa nailoni, unafunika kwa udongo hewa isiingie. Humo yanachacha vizuri, na ng'ombe anakula wakati kwingine kote kumekauka. Tukachimba shimo nyuma ya banda. Nailoni ikaja, na molasi, ile shira nyeusi ya miwa ya kunyunyizia, ikaja kwenye debe.

Siku ya kukata, mama mkwe wangu alitoka chumbani na kiti chake, akakiweka katikati ya mahindi, akakaa. Huyo mama aliona njaa ya kweli utotoni, na ilimchukulia ndugu. Alivunja hindi moja, akaliminya kwa ukucha, maziwa yakamrukia kidoleni.

"Hiki ni chakula," akamwambia mwanawe. "Unataka kukizika."

"Mama, ng'ombe naye si anakula?"

"Atakula mabua. Watu kwanza."

Mpangaji wetu mmoja, fundi wa mawe aliyekuja kutusaidia, akacheka. "Mama landilodi, kwani huyu ng'ombe alizaliwa Muthaiga kwa matajiri? Kwetu anakula sisi tukishashiba."

"Ndiyo maana kwenu amekonda," nikamwambia. "Noa panga."

Lakini panga halikuingia shambani siku hiyo. Nilisema pale pale, mbele ya wote, kwamba wakati wenyewe ni huu, mabua yakishakauka hayashindiliki. Mama mkwe akanitazama. "Wewe mtoto, ulishawahi kulala njaa?"

Nilikuwa nimelala njaa, lakini si kama yeye, na alijua. Mume wangu akaweka panga chini. Kwetu mwanamume hamwinui mama yake kwenye kiti.

Kwa wiki tatu tulikula mahindi. Mama mkwe aliweka jiko langoni akachoma, na kila mtoto wa mpangaji aliyepita alipewa hindi zima, si la kugawana. Walimwita Cucu, yaani nyanya kwa Kikuyu chetu, hata wale ambao nyanya zao walikuwa Busia na Kakamega. Sijawahi kumwona na furaha kama ile. Na nyuma yake mabua yalisimama yakigeuka rangi, kila asubuhi manjano zaidi, nami nilikuwa nayaona nikienda kukama.

Tulipokata yalikuwa yanalia kama karatasi. Tulikanyaga kwa miguu, wapangaji wakapanda shimoni nao, tukaviringisha pipa la maji juu yake. Ukikanyaga yanalala, ukitoa mguu yanainuka kama godoro. Mume wangu akafinya konzi moja, akafungua mkono, ikamwagika yote. Akamimina molasi iliyobaki, tukafunika.

Januari, jua likiwa kali, tulifukua. Nailoni ilipoinuliwa tulikuta ukungu mweupe, na chini yake weusi, na harufu ya blanketi lililolowa likasahauliwa. Tulichimba tukitafuta palipo pazima. Hapakuwa na pazima. Ng'ombe alinusa, akapuliza pua, akageuka.

Mama mkwe alikuwa amesimama hapo na fimbo yake. Aliinama, akachagua majani yaliyokuwa na nafuu, akampelekea mdomoni kwa mkono wake, akimbembeleza kama mtoto anayekataa uji. Alimbembeleza muda mrefu. Ng'ombe hakufungua mdomo, na hakuna mmoja wetu aliyemwambia Mama aache.

Ng'ombe aliuzwa kabla ya mvua. Fundi yule yule aliyenitania ndiye aliyejenga vyumba, na shimo letu halikupotea, likawa choo cha wapangaji.

Asubuhi ya kwanza nilipopika chai kwa maziwa ya pakiti, mama mkwe alinusa kikombe akakirudisha mezani. "Nipe ya rangi," akasema. Akanywa ya rangi siku hiyo, na kesho yake, na mpaka alipotuacha. Nilimpikia tu sufuria yake kando.

Wale watoto wa langoni ni watu wazima sasa. Nakutana nao mtaa wa jirani, Satellite, nikienda dukani, wananisalimu, na kila mara kuna mmoja ataniuliza kama nakumbuka mahindi ya Cucu, eti hajawahi kula matamu kama yale. Najibu ni kweli, yalikuwa matamu, nami nilikula. Kwamba walikuwa wanamla ng'ombe wangu, hilo siwaambii.