Kigingi Chekundu cha Kasokola

Jirani yangu hapa Shanwe, Mpanda mjini, anapaka rangi mageti. Kila akifungua kopo jipya, ile harufu kali huvuka ukuta ikanikuta jikoni, nami hufunga dirisha hata kama joto linaniua. Watoto wangu wanadhani rangi inanipa mafua. Sijawahi kuwaeleza. Nyie nitawaeleza.

Nilikuwa na miaka tisa, tukiishi kijijini Kasokola. Maji tulichota bondeni, kwenye shimo ambalo kiangazi kikikaza lilitoa kata moja, halafu likapumzika. Unainama, unakwangua, unasubiri, unakwangua tena, na unachopata kina rangi ya chai ya maziwa na harufu ya majani yaliyooza. Mama alikuwa na mgongo mbovu, kwa hiyo safari mbili za asubuhi zilikuwa zangu. Nilifika shuleni nimelowa mabega, nikilaumiwa kwa kuchelewa.

Ng'ambo ya shamba letu aliishi mzee Masanja, Msukuma aliyehamia kutoka kaskazini na ng'ombe wake. Binti yake, Kabula, alikuwa rafiki yangu. Tulilingana umri na kimo, na kutwa nzima tulitembea peku.

Mwaka ule wakaja wataalamu wa maji wa serikali, watu watatu na gari jeupe. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja mwenye buti za kiume, ambaye sisi watoto tulimpa jina la Mama Ramani kwa kuwa hakuchoka kukunjua ramani juu ya boneti. Walipigilia vyuma ardhini kwa nyundo, wakavuta nyaya ndefu kupita mashamba ya karanga, wakaziunga kwenye mashine iliyotumia betri ya gari, kisha wakasomeana namba kwa sauti. Mama Ramani alitueleza kwamba chini yetu kuna mwamba, mwamba una nyufa, na maji hukaa mle kwenye nyufa. Niliitikia kwa kichwa bila kumwelewa. Kwa akili yangu, maji yalikuwa chini kila mahali, yakingoja kuonyeshwa pa kutokea.

Walipomaliza waliacha vigingi viwili: cheupe nyuma ya jiko letu, chekundu kando ya zizi la Masanja. Mimi na Kabula tulikuwa tukipukuchua mahindi pale pale Mama Ramani alipozungumza na mzee.

"Mzee, maji yapo hapa kwenye chekundu; kule kwenye cheupe ni pakavu. Ila zizi lazima lihame, uchafu wa ng'ombe usiingie kisimani."

"Nitalihamisha, mama," Masanja alisema. "Ng'ombe watalala popote."

Kabula akanipiga kiwiko, anacheka. "Nitakuwa nachota maji na mswaki mdomoni!"

Hakuwa na ubaya wowote. Lakini maneno yale yalinichoma, nikalala nayo, nikaamka nayo nikiwa na ndoo kichwani.

Jumamosi mchana, watu wakiwa mashambani, nilikwenda na jembe. Niling'oa kigingi chekundu nikakipeleka nyuma ya jiko letu, nikang'oa cheupe nikakipeleka kule zizini. Nilishindilia udongo kwa nyayo zangu. Rangi ilikuwa bado inanata. Ilinibaki kiganjani pamoja na harufu yake kali, nikaisugua kwa mchanga na mafuta ya taa mpaka ngozi ikawasha. Niliwaza tu jinsi Mama atakavyofurahi.

Mtambo wa kuchimba ulikuja wiki kadhaa baadaye, na watu wengine kabisa. Masanja alikuwa machungani, mbali, na ng'ombe wote. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amelazwa hospitali Mpanda mjini. Alipopigiwa simu alijibu wachimbe penye chekundu. Mtambo ukasimama nyuma ya jiko letu, ukanguruma hadi vikombe vikacheza rafuni. Mama alipiga vigelegele. Likatoka vumbi jeupe, likatua kwenye nguo zilizoanikwa na kwenye nyusi zetu. Siku ya pili, vumbi. Siku ya tatu walifungasha vyuma vyao wakaondoka, na Mama akachukua ndoo, akashuka bondeni na mgongo wake ule ule.

Mama Ramani aliporudi na ramani yake, alilitazama lile shimo kavu akatikisa kichwa. "Hapa si pale nilipochagua." Akatembea moja kwa moja hadi zizini, akakuta kigingi cheupe.

Mkutano uliitishwa kesho yake. Mama Ramani aliuliza nani amehamisha vigingi, na kabla hajamaliza watu walishapata jibu.

"Ni Masanja! Hakutaka kuhamisha zizi!"

"Nyie wafugaji mnajali ng'ombe kuliko watu!"

Hakuna aliyetaja nguzo mpya, zilizokwisha kukatwa na kupangwa tayari kwa zizi jingine. Nilikuwa naziona kutoka pale nilipokaa, ubavuni mwa Mama. Masanja alisimama, amevua kofia. Nilitegemea atakataa, apige kelele, ili na mimi niendelee kunyamaza kwa amani.

"Kama limetoka nyumbani kwangu," alisema taratibu, "naomba mnisamehe."

Basi, ikahesabiwa amekiri. Mtu mmoja akatema mate chini. Nilificha kiganja ndani ya gauni, ingawa rangi ilishatoka zamani.

Kabla ya mvua walihama. Kabula alipita njiani akiswaga ndama, miguu yake ina alama ndefu nyekundu. Nilidhani ni miiba. Nilimwita; hakugeuka.

Baadaye mtambo ulirudi, ukachimba kwenye zizi lililoachwa, maji yakatoka masafi na baridi. Niliyanywa na wenzangu. Sikutamka kitu.

Mwezi uliopita, sokoni hapa Mpanda, mwanamke mmoja mwenye gunia la mchele aliniita kwa jina la utotoni. Alikuwa Kabula. Tulikumbatiana, tukaketi kwa mama ntilie, tukaagiza chai na chapati, tukahesabiana watoto. Ndipo akasema, bila hasira, kama anayesimulia habari za mtu mwingine:

"Unajua baba alinichapa kwa ajili ya kile kigingi? Aliporudi kutoka machungani aliona nyayo za mtoto pale zizini, kando ya kigingi. Akasema ni zangu. Niliapa, hakuniamini. Ndiyo maana mkutanoni alibeba lawama. Alikuwa ananificha mimi."

Niliirudisha chapati kwenye sahani.

"Nyayo zile zilikuwa zangu," nilisema.

Sikujua kama atanimwagia chai au atainuka aende. Alitoa simu, akabonyeza, akanikabidhi.

"Mwambie wewe."

"Shikamoo, baba," nilisema. Sauti ya kizee iliitikia marahaba, ikauliza mimi nani. Nikajitaja, mtoto wa jirani yake wa Kasokola, nikamweleza yote. Nililia nikiongea.

"Maji yalitoka?" mzee aliuliza.

"Yalitoka, baba. Pale pale zizini."

"Ahaa." Akapumua. "Nipe Kabula."

Sikusikia alichomwambia. Nilimwona tu Kabula akiinamisha kichwa, akajifunika uso kwa kanga, akarudia, "Yameisha, baba. Basi, yameisha."

Miaka yote nilijihukumu kwa shimo kavu na kwa mgongo wa Mama. Nilidhani kosa langu lilikuwa la maji, na kwamba siku yalipotoka nami nilipunguziwa mzigo. Kumbe kwenye nyumba ya watu nilimfanya baba asimwamini mtoto wake, na mtoto akakua akijua kwamba hata akiapa hasadikiwi. Na siku ile ya mkutano nilikuwa nimekaa ubavuni mwa mama yangu, nikiwa na mdomo na ulimi, umbali wa hatua kumi tu kutoka aliposimama Masanja.