Mtu wa Chini Lazima Ajibu

Siku ya kwanza kazini nilishushwa shimoni kabla sijaonyeshwa hata msumeno. Ilikuwa katika vilima vya Ileje, wakati wa Mwingereza. Nilikuwa nimemaliza darasa la nne, kijana mwenye aibu kiasi kwamba nikisalimiwa njiani nilijibu mtu akishapita. Nyapara, yaani msimamizi wa vibarua, alinitazama mabega akasema, "Huyu atakuwa mtu wa chini." Basi nikawa mtu wa chini.

Nieleze kidogo, maana ninyi vijana mbao mnaziona zimeshapasuliwa. Tulichimba shimo refu kupita kimo cha mtu. Juu yake tulilaza mataruma mawili, ndiyo magogo membamba ya kubebea, na juu ya mataruma tukaviringisha gogo lenyewe la mninga, lililopigwa mistari kwa uzi uliopakwa masizi. Msumeno ulikuwa mrefu, wenye mpini kila upande. Mtu wa juu alisimama juu ya gogo akifuata mstari. Mtu wa chini alivuta. Unga wa mbao ulimmwagikia machoni, kwa hiyo alifanya kazi ameinamisha kichwa. Haoni mstari, haoni gogo, haoni mwenzake. Uzito wote ule uko juu ya shingo yake, na habari zake anazipata kwa masikio tu.

Ndiyo sababu tuliimba.

Mtu wangu wa juu alikuwa Mzee Kibona, Mndali mwenye miguu ya matege na mdomo usiochoka. Wimbo wake niliufahamu. Ulikuwa wa ngoma ya vijana, na katika ujana wangu sikupenda wimbo mwingine kama huo. Kwetu niliusikiliza nikiwa nyuma ya ghala, kwa kuwa sikuthubutu kuingia uwanjani. Yeye alikuwa ameugeuza kuwa wa kazi. Aliuliza kwa kuimba, "Nyumbani wamepika nini?" na mtu wa chini alipaswa kuitikia kwa jina la chakula. Jibu likija, wa juu anajua mwenzake yu mzima. Swali likikatika katikati, wa chini anajua kuna jambo. Hapo asiulize wala asitazame juu. Aachie mpini, ajitupe ndani ya pango dogo lililochimbwa ukutani mwa shimo. Tuliliita tundu la panya.

Mimi nilijibu, "Ugali." Kila mara ugali. Kwa aibu sikupata neno jingine.

"We kijana, kwenu hakuna mboga?" Mzee Kibona aliniuliza tukinoa meno ya msumeno.

"Ipo, mzee."

"Inaitwaje?"

Nikainamia meno ya msumeno. Wenzetu wa shimo la pili wakaangua kicheko. "Mwacheni," akasema Mzee Kibona, "ugali umeshaiva, mboga iko njiani."

Msidhani kicheko kiliondoa hofu. Kila asubuhi kabla ya kushika mpini nilipapasa tundu la panya kwa mkono, nihakikishe halijaziba. Nikiwa nyumbani gogo lilikuwa bado juu yangu. Mama alinikaripia kwa kula nimeinamisha kichwa.

Mvua za kwanza zilipokaribia, mwenye kazi alituletea Bwana Msimamizi mpya, Mzungu aliyetoka kwenye mashamba ya kahawa upande wa Mbozi. Hakuwa mtu wa matusi. Alisimama siku ile ukingoni, akasikiliza, akakunja uso.

"Hii kazi ama ngoma? Mimi hapana taka kelele."

Nyapara alijaribu kueleza. "Bwana, huu wimbo ni wa kazi yenyewe..."

"Mtu naimba, mkono nalala. Basi!"

Wimbo ukakoma. Siku zile za kimya sijazisahau. Chini nilisikia msumeno peke yake, kwenda na kurudi, na katikati ya mvuto mmoja na mwingine nilijiuliza kama Mzee Kibona yuko bado. Vipande vya udongo vilianza kunidondokea shingoni. Nikidhani ni unga wa mbao, navishika, navikuta vya baridi. Mvua ilikuwa imelainisha ukingo. Nilitaka kusema. Lakini kumwita mzee kwa sauti, na Bwana Msimamizi amesimama pale, kulinishinda.

Kumbe Mzee Kibona alikuwa ameona taruma moja likizama kidogo kidogo. Akaanza kuimba. Kwanza chini chini, kama mtu anayejisemea, kisha kwa sauti yote.

"Nyumbani wamepika nini?"

"Ugali," nikasema.

"Nyamaza wewe!" Bwana Msimamizi alifoka. Mzee Kibona hakugeuka. Akavuta tena.

"Nyumbani wame..."

Sikusikia lililobaki. Nilijikuta ndani ya tundu la panya, magoti yamegusa kidevu, na nyuma yangu dunia ikaanguka. Gogo lilishuka na ukingo, na taruma, na msumeno. Giza likaja, na vumbi. Nikashika miguu yangu, mmoja, halafu wa pili, nione kama yote ni yangu.

Juu watu walikuwa wakipiga kelele. Halafu wakanyamaza, na nikaisikia sauti ya Mzee Kibona, inatetemeka, nyembamba kama ya mtoto.

"Nyumbani wamepika nini?"

Nilifungua mdomo, hapakutoka kitu. Koo lilikuwa limejaa udongo. Akauliza tena. Hapo nikamsikia nyapara akisema, "Mzee, mwache. Ameshakwenda." Mtu mmoja akaanza kulia.

"Maharage!" nikapiga kelele. "Maharage! Maharage na ugali!"

Walichimba kwa majembe na kwa mikono. Nilipotolewa, Mzee Kibona, aliyewahi kuruka kutoka juu ya gogo, alikuwa ameketi kwenye matope, anacheka na kulia pamoja. "Mboga imefika," akasema. Bwana Msimamizi alisimama mbali, kofia mkononi. Kesho yake mashimo yote yaliimba, naye akapita kama asiyesikia.

Nilipasua mbao miaka mingi baada ya hapo, kwanza Itaka chini ya fundi mkuu mmoja mkali, kisha katika kijiji cha Mpemba, mpaka mashine zilipokuja na shimo likafukiwa. Mzee Kibona alifia kitandani kwake. Tangu hapo sikuuimba tena wimbo ule.

Majuzi mjukuu wangu Tumaini alinipeleka kusikiliza vijana wa kwaya yao wakifanya mazoezi. Wimbo ulikuwa ule ule, wameutia maneno ya shukrani, ila swali wamelibakiza. Nilitabasamu. Nikajiona nyuma ya ghala, kijana tena. Halafu, palepale katikati ya swali, mwalimu akainua mkono na wote wakakata sauti, eti kwa uzuri. Nilipopata fahamu nilikuwa chini ya benchi, nimekunja magoti.

"Babu! Umeumia?"

"Msinyamaze hapo," nikamwambia. "Hapo kuna mtu chini."

Nikamsimulia njiani. Hakucheka. Tangu siku ile, kila asubuhi akipita kwenda shamba husimama nje ya mlango wangu, maana naishi peke yangu, akaimba swali la Mzee Kibona. Sauti yake huwa na wasiwasi kidogo, naifahamu. Basi hata kama bado sijaamka vizuri, namjibu upesi, na kila siku namtajia mboga nyingine.